Tuulize ndege zitatua wapi kabla ya kujenga terminali nyingine

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua. Kiwanja cha ndege kikianza kufurika tu utasikia inajengwa terminali mpya, picha za vioo na marumaru zinasambaa, watu wanashangilia, ila hakuna anayeuliza ndege zenyewe zitatua wapi, maana ndege haitui kwenye marumaru jamani, inatua kwenye barabara ya kuruka na kutua, na hiyo ikijaa ndo imejaa.

Angalia Gatwick, Uingereza. Miaka na miaka wamekuwa wakitumia barabara moja kwa wakati mmoja na saa za msongamano wanapitisha mpaka ndege 55 kwa saa, yaani kila dakika na sekunde chache kuna moja inagusa chini au inaondoka. Hiyo sio bahati. Ndege kubwa ikipita inaacha upepo unaozunguka nyuma yake, ndogo ikifuata karibu inayumbishwa vibaya, hivyo lazima iachiwe nafasi kubwa zaidi. Sasa muongoza ndege akizipokea kubwa ndogo kubwa ndogo anapoteza muda, akiweza kuzipanga kubwa zifuatane na ndogo zifuatane anapata nafasi za ziada bila hata mfuko mmoja wa saruji. Halafu kuna vile viungio vya mshazari, yaani njia za kutokea kwenye barabara, ndege ikishatua inachepuka ikiwa bado na mwendo, ya nyuma inaingia. Kuna viwanja havina hata njia ya pembeni inayofika mwisho wa barabara, ndege inatua, inageuza, inarudi juu ya barabara ileile huku wengine wanazunguka angani wakichoma mafuta. Hapo terminali itasaidia nini?

Heathrow, kiwanja kikubwa cha London, nao kuanzia 2015 wanaachanisha ndege zinazokuja kutua kwa muda badala ya maili peke yake, kwasababu upepo mkali wa mbele unafanya maili zilezile zichukue muda mrefu zaidi. Na hao hao kiangazi cha 2022 waliweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku, barabara zilikuwa zilezile mbili, walichokosa ni watu wa kuhudumia ndege na mizigo (hili viongozi hawalipendi, hakuna utepe wa kukata ukiajiri watu).

Kwangu mimi kubwa zaidi ni ratiba. Kila shirika linataka asubuhi na jioni, mchana barabara imelala, na ndege ikichelewa dakika ishirini asubuhi inaburuza kuchelewa mpaka usiku kwasababu ni hiyohiyo inayoenda na kurudi kutwa. Kwenye viwanja vilivyojaa shirika likitumia sloti zake (saa lilizopewa za kutua na kuruka) kwa asilimia 80 msimu huu linazipata tena msimu ujao, kwahiyo wakongwe wanashikilia saa nzuri na mgeni anabaki na makombo. 2020 corona ilipoingia ilibidi kanuni hiyo isimamishwe, la sivyo ndege tupu zingerushwa ili sloti zisipotee!

Mi nasema saa za msongamano zilipiwe zaidi na mchana ushushwe bei. Watasema nauli itapanda, sawa, itapanda kwa anayeng'ang'ania saa hizo, asiye na haraka atalipa kidogo. Na wakileta mchoro wa terminali waambatanishe idadi ya ndege ambazo barabara inapitisha kwa saa sasa hivi, na itapitisha ngapi baada ya ujenzi. Ikiwa namba ni ileile, tuambiwe hizo hela ni za nini.

Msomaji wenu