Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: vyeti ninavyo, naomba mtu wa kuipima hii mashine

Mheshimiwa RC, shikamoo. Hata kama nimekuzidi miaka shikamoo haichubui.

Mimi ni fundi mitambo, nina diploma na karakana ndogo hapa Nyakato, mchana nachomelea mageti na madirisha maana ndiyo yanalisha watoto, usiku nikishafunga natengeneza vitu vyangu ambavyo mke wangu anaviita "vyuma vya baba". Vingine vimekufa na sivisikitikii. Kimoja, kaushio la dagaa, kinafanya kazi na ndicho kimenifanya niandike.

Wewe unakaa Mwanza kwa hiyo dagaa unawajua, ila pengine hujawahi kushinda mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wakati wa mvua. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti tena na wavuvi wanapumzika, sasa giza likirudi mitumbwi yote inaingia na mzigo asubuhi moja, mzigo wote unataka jua siku hiyo hiyo. Jua likiwaka hamna shida, wamama wanaanika kwenye chanja au mchangani na jioni wanafungasha. Ikinyesha ndio kilio, dagaa wanalala wabichi, siku ya pili wanabadilika rangi na kunuka, na ule mzigo uliokuwa uende sokoni kuliwa na watu unauzwa bei ya chakula cha kuku. Mama aliyekopa vicoba kununua ndoo za dagaa hapo anarudi nyumbani na deni.

Watu wanasema si kuna makaushio ya sola. Sawa yapo na ni mazuri, lakini fikiria kidogo mheshimiwa, siku unayoyahitaji ni siku ambayo jua halipo! Feni ya umeme inataka umeme ufike, na visiwani kuna mialo haujafika, jenereta nayo inakunywa petroli mpaka faida yote inaishia kwenye kidumu.

Kaushio langu linachoma pumba za mpunga, zile zinazorundikana nyuma ya mashine za kukoboa huko Magu na Misungwi mpaka wanazichoma moto tu ziishe. Moshi unapita ndani ya mabomba na kutoka nje, hewa safi inapita juu ya mabomba, inapata joto, inaenda kwenye trei za dagaa, kwa hiyo dagaa hawanuki moshi. Hapo hakuna maajabu, mchomeleaji yeyote anaweza. Shida ilikuwa feni ya kusukuma hiyo hewa, nani aizungushe? Nikaenda kuchimba kitu cha zamani sana, injini ya hewa moto aliyoibuni Robert Stirling mwaka 1816, huyu alikuwa mchungaji wa kanisa Scotland, na mwaka 1818 moja ikawekwa kwenye machimbo ya mawe kuvuta maji. Haina plagi wala kabureta, hewa imefungiwa ndani, upande mmoja unapata moto inatanuka, upande wa pili unapozwa kwa maji inasinyaa, pistoni inakwenda na kurudi. Haina boila ya mvuke ya kulipuka, na kwenye mwalo wenye watoto wanaokimbizana hilo ni jambo kubwa. Moto ule ule unaokausha dagaa ndio unaozungusha feni.

Ilinitesa, sikufichi. Ya kwanza niliunga silinda ya pikipiki na vyuma vya kompresa ya friji, ikakataa kabisa, pistoni ilibana na ile ya kuhamisha hewa ilikuwa nzito kama jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa mjini. Nikaja kuitengeneza upya kwa bati jembamba ndio ikaanza kuzunguka, saa nane usiku, nikapiga kelele jirani akadhani wezi. Halafu pumba nazo zina vituko vyake, majivu yake yana silika nyingi, ile ile iliyomo kwenye mchanga, moto ukizidi yanashikana kama kioo na kuziba wavu wa jiko. Na kuna trei moja ya mama mmoja niliiunguza kabisa, nililipa.

Sasa kuna watu wanatuharibia. Kila mwaka lazima atokee mtu na mota ya sumaku "inayojizalishia umeme yenyewe bila kitu chochote", anapigwa picha na viongozi, baada ya hapo kimya. Nishati haitoki hewani mheshimiwa, mtu akikuletea mashine muulize swali moja tu, moto wake unatoka wapi. Yangu unatoka kwenye pumba na nguvu yake ni ndogo, inazungusha feni basi, pasi haiwashi. Moto wa digrii 400 na maji ya ziwa ya digrii 25, kwa hesabu ya Carnot, ile ya kikomo cha injini za moto, hata ukiwa malaika huwezi kugeuza kuwa kazi zaidi ya asilimia 56 hivi ya joto, mimi nadhani yangu haifiki hata 5. Nasema nadhani kwa sababu sina kipimo!

Na hapo ndipo nimekwama. Nimepeleka maonyesho mara tatu, nina vyeti vitatu na fulana mbili. Ofisi moja ikaniambia nilete ripoti ya vipimo ndipo wanisikilize, nikauliza vipimo anafanya nani, wakanielekeza ofisi nyingine, hiyo nyingine ikasema haipimi mashine ambayo haijasajiliwa, na ya kusajili ikauliza ripoti iko wapi. Nauli tu nimechoma hela ya kununua beringi zote mpya. Rafiki zangu wananiambia nisioneshe watu, kakate hataza, hati ya kulinda uvumbuzi, kwa wasajili wa BRELA ulindwe mpaka miaka 20, lakini nilinde nini, injini ina umri wa zaidi ya miaka 200, changu ni kule kuiunganisha na jiko la pumba, na kama kuna fundi wa Musoma au Bukoba anataka kuiga aje nimpe na michoro.

Nilijaribu kupeleka mwaloni mwenyewe. Bwana mmoja akanifukuza kwa sababu niko ndani ya mita 60 kutoka ziwani, Sheria ya Mazingira ya 2004. Sheria naikubali, ziwa letu limeumia vya kutosha, ila ile inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ufukwe, na mashine yangu iko juu ya magurudumu ya mkokoteni. Na lazima iwe karibu na maji, nikitumia pipa baada ya saa moja maji yamepata moto, ule upande wa baridi unapotea na feni inasinzia.

Ninachoomba hakina bajeti mheshimiwa. Kibali cha maandishi cha kukaa mwalo mmoja wowote msimu mmoja wa masika, Machi mpaka Mei, na mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi cha VETA au wa uhandisi pale chuo kikuu cha SAUT aje na vipimo vyake, apime joto, apime pumba zilizoingia na maji yaliyotoka kwenye dagaa, aandike alichokiona hata kama ni kibaya. Ikifeli nitaikata nitengeneze mageti.

Ukitaka kuiona kabla hujaamua karibu karakana, ila usije siku ya jua, njoo siku mvua inanyesha na umeme umekatika, na nijulishe mapema kidogo maana kuwasha hilo jiko mpaka injini ikubali inachukua kama nusu saa.