Kabla ya kupeana mikono barabarani, gari lipandishwe jeki

Kwa Mhariri,

Mimi ni muuza samaki hapa Malindi. Kwa miaka tisa sasa gari letu, Probox, ndilo linaloleta mzigo kutoka Ngomeni. Mpwa wangu huondoka na masanduku ya barafu kabla ya adhana ya alfajiri, hurudi saa tatu na changu, tasi na, Mungu akijalia, nguru wawili watatu. Nakuandikia kuhusu ajali iliyokuwa ndogo kiasi kwamba hakuna hata aliyesimama kutazama.

Ilikuwa Januari, kaskazi imetulia, samaki tele. Tulikuwa tumesimama kwenye kona karibu na soko tukingoja mkokoteni upite. Pikapu ikatoka mbele yetu, dereva akakata kona fupi mno, na gurudumu lake la nyuma likatusukuma kwenye gurudumu la mbele la kulia. Hakuwa akienda kasi. Bampa ilichomoka upande mmoja, fenda ikabonyea, taa haikupasuka hata moja. Kijana alishuka mara moja. “Shikamoo mama, nisamehe, nimekosa.” Adabu yake ilinitoa hasira zote. Tukakubaliana shilingi 7,000, tukapeana mikono, kila mtu akaenda zake. Fundi wa bodi alinyoosha fenda na kupiga rangi kwa 5,500, nami nikajiona nimebaki na faida.

Wiki ya tano mpwa wangu akaniambia, “Shangazi, hili gari linalia.” Kila alipokunja usukani wote kuingia uani kwetu, lilisikika ka-ka-ka-ka upande wa kulia, na akikanyaga mafuta mlio unazidi. Baadaye ukaja mtetemo. Ukivuka Daraja la Sabaki ukirudi mjini, barabara inapanda, gari linatetemeka hadi masanduku yanagongana. Akiachia mafuta, linatulia.

Tulihangaika. Gereji ya kwanza walibadilisha plagi. Ya pili waliniuzia matairi mawili ya mbele, wakabalansi na kupiga alaimenti, yaani kupanga magurudumu yakae sawa. Karatasi iliyotoka kwenye mashine ilikuwa na namba moja nyekundu upande wa kulia, nyingine zote kijani. Nikauliza ile nyekundu ni ya nini. Nikajibiwa kwamba hiyo gari hili halina pa kuirekebishia, nisijali. Mhariri, namba ile peke yake ndiyo iliyokuwa ikisema ukweli. Kama haina pa kurekebishwa na bado imetoka mahali pake, basi huenda kuna chuma kilichopinda. Sikujua wakati ule. Waliokuwa na mashine walipaswa kujua.

Aliyetuokoa ni fundi mzee mwenye kibanda upande wa Maweni. Hakuliwasha gari kwanza. Aliniuliza swali moja, “Mama, liligongwa lini?” Nikashangaa, maana rangi ilikuwa imetulia, huoni kovu. Akasema matairi mapya, plagi mpya na mlio unaokuja gari likikunja kona mara nyingi huwa ni historia ya kugongwa.

Kabla ya jeki alichukua futi ya utepe. Aliuweka usukani sawa, akapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kushoto, kisha kulia. Kulia palipungua karibu sentimita mbili. Gurudumu lilikuwa limerudi nyuma, na jicho halikuwa limeliona kwa miezi miwili. Ndipo akalipandisha, akaliegemeza kwenye stendi, akaingia chini na tochi na kuniita nije nione.

Probox yetu huvutwa na magurudumu ya mbele. Kutoka kwenye giaboksi hutoka shafti mbili, moja kila upande, na kila shafti ina jointi mbili. Ya nje hukunja pamoja na usukani. Ya ndani huingia na kutoka kidogo kila gurudumu linapopanda na kushuka. Kila jointi imevishwa mpira uliojaa grisi. Mpira wetu wa nje ulikuwa umechanika mkato wa urefu wa kidole, na grisi ilikuwa imerushwa ndani ya rimu ikawa ukoko mweusi. Fundi alichota kidogo akaniwekea kiganjani. “Sugua.” Nikasugua kwa kidole gumba. Ilikuwa na mchanga, mchanga wetu wa njia ya Ngomeni, na ndani yake vumbi la chuma likimetameta kama magamba ya samaki. Jointi ilikuwa imejisaga yenyewe kwa wiki zote hizo.

Akanieleza jinsi ilivyokuwa. Gurudumu liliposukumwa, mkono wa chini unaolishikilia, ule wanaouita loa amu, ulipinda. Shafti ikasukumwa kuelekea giaboksi, ikaigonga jointi ya ndani na kuumiza sili, ule mpira unaozuia mafuta ya giaboksi yasivuje, na hapo tuliona unyevu mwekundu wa mafuta ya giaboksi umeshika vumbi. Mpira wa maunti, ule unaoishikilia injini, nao ulikuwa umekatika nusu. Alimwambia mpwa wangu akanyage breki kwa nguvu na kuhamisha gia kutoka D ya kwenda mbele hadi R ya kurudi nyuma huku boneti iko wazi. Injini iliruka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Yote haya yalitoka kwenye msukumo mmoja wa asubuhi ile. Lakini mpira ukichanika leo, jointi haifi leo. Inangoja grisi iishe na mchanga uingie. Wakati huo wewe umeshapeana mikono.

Nililipa 22,000 pamoja na spea na kazi, na shafti yenyewe ilikuwa ya mtumba. Lakini pesa si kitu kilichoninyima usingizi. Nilimuuliza fundi ingekuwaje kama shafti ingekatika pale mlimani Sabaki. Akasema gari lingepoteza nguvu papo hapo, na dereva akidhani ataliweka P, ile gia ya kuegesha, lisimame, lisingesimama. P hufunga giaboksi. Shafti ikikatika, giaboksi haina tena njia ya kulishika gurudumu. Akiondoa mguu kwenye breki, handibreki pekee ndiyo ingelishika. Mpwa wangu hakujua hilo. Handibreki yetu ilikuwa imelegea tangu mwaka jana, na tulikuwa tukisema tutaikaza.

Sasa nasema na ndugu zangu wa Pwani wenye magari ya kazi. Sisi akina mama wa samaki hatununui nguru kwa kutazama ngozi. Tunafunua shavu. Mbona gari tunaliuzia msamaha kwa kutazama fenda? Mkigongwa kwenye gurudumu, hata kidogo, mwambieni aliyewagonga, “Twende pamoja kwa fundi, lipandishwe jeki, ndipo tuzungumze bei.” Pigeni picha, chukueni namba, pateni abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuthibitisha ajali. Usiku huo tandikeni katoni chini ya injini. Asubuhi tone jekundu litawaambia mengi. Kisha tafuteni uwanja mtupu, mkunje usukani wote, mzunguke polepole kulia na kushoto redio ikiwa imezimwa. Rudieni baada ya mwezi.

Na watathmini wa bima, nawaomba kwa heshima: mkipiga picha ya bampa, pigeni na ya mipira ya shafti na ya maunti. Watu wengi hawajui kwamba bima inayolazimishwa na Sura ya 405, sheria ya bima ya magari, ni ya kifo na majeraha ya watu. Gari lako kulipiwa au kutolipiwa hutegemea maneno ya mkataba. Basi kile kisichoandikwa kwenye ripoti ya siku ya kwanza, mwenye gari atakibeba mwenyewe.

Kijana wa pikapu nilimpata kwa simu. Alisema, “Mama, si tulimalizana?” Ni kweli tulimalizana, na sitamdai. Ila mwanangu, kama unasoma haya, gurudumu lako la nyuma ndilo lililogonga, na pikapu yako husukumwa na magurudumu hayohayo. Lipandishe. Lizungushe kwa mkono usikilize kama beringi inanguruma. Tazama ndani ya rimu kama kuna mafuta yanayotoka kwenye eksel. Fundi wa Maweni amesema ukija ukisema umetumwa na mama wa samaki, atakutazamia bila malipo.

Muuza samaki,
Malindi