Mashine ya CNC ikikosea kipimo, usikimbilie $100

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wanaounda au kununua mashine ndogo za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, za kuchonga mbao, plastiki na aluminiamu, hasa zile zinazoendeshwa na programu ya GRBL iliyo ndani ya bodi ya Arduino Uno. Kuna ushauri umezagaa: kipande kikitoka na kipimo pungufu, chukua namba iliyo kwenye $100, mmoja wa mipangilio ya GRBL, izidishe kwa urefu ulioagiza, gawanya kwa urefu uliopata, andika jibu, kazi imekwisha. Hesabu yenyewe ni sahihi. Tatizo ni kwamba inatibu kosa la aina moja tu, na kwenye mashine ambazo meza husogezwa na skrubu kosa hilo ndilo adimu.

Namba za $100, $101 na $102 ni idadi ya hatua ambazo mota inapaswa kupiga ili mhimili wa X, Y au Z usogee milimita moja. Hazitafutwi kwa kubahatisha. Mota nyingi za hatua zina hatua 200 kwa mzunguko. Draiva ya A4988, kijibodi kinachoilisha mota umeme, ikiwekewa jampa (vibanio vya kuunganisha pini) zote tatu huigawa kila hatua mara 16, hivyo mzunguko mmoja unakuwa hatua 3,200. Gawanya 3,200 kwa umbali ambao nati inatembea skrubu ikizunguka mara moja, na hilo ndilo jibu.

Hapo kwenye skrubu ndipo wengi wanapojikwaa. Skrubu ya T8 (yenye kipenyo cha milimita 8) iliyozoeleka ina nyuzi nne zinazokwenda sambamba. Ukipima kutoka uzi hadi uzi unapata milimita 2, kumbe nati inatembea milimita 8 kwa mzunguko. Mwenye kuandika 1,600 badala ya 400 ataagiza milimita 10 na meza itakwenda 40. Zipo pia T8 za milimita 4 na za milimita 2, na kwa macho zinafanana sana. Zima umeme, weka alama kwenye skrubu, izungushe kwa mkono mara tano kamili, pima nati imetembea kiasi gani, gawanya kwa tano. Kama umebadilisha draiva, kumbuka kwamba DRV8825 yenye jampa zote tatu hugawa mara 32, si 16. Ukiacha namba ya zamani, meza itakwenda nusu ya safari.

Ukishapata 400 au 800 kwa hesabu, iache hapo. Skrubu haiwezi kudanganya kwa asilimia mbili. Kipande cha milimita 50 kikitoka 49, kosa liko kwingine, na kugeuza 400 kuwa 408 ni kulificha tu.

Makosa yanayofanana kwa sura ni matatu, na jaribio moja linayatenganisha. Tumia vernia, au geji ya saa kwa masafa mafupi, wala usipime kwa kipande kilichochongwa, maana biti, yaani kisu cha kuchongea, iliyoandikwa milimita 3 inaweza isiwe 3 na tena hupinda ikikata. Agiza G21 (vipimo viwe milimita) na G90 (nafasi zihesabiwe kutoka 0), peleka X hadi -5, irudishe 0, pima, kisha ipeleke 100 na upime tena. Kule kuanzia -5 kunahakikisha meza inafika 0 na 100 ikitokea upande uleule. Usipime safari ya milimita 10: kosa la 0.05 la vernia ni asilimia 0.5 ya kumi, lakini ni asilimia 0.05 tu ya mia. Sasa ipeleke 105 na uirudishe 100. Ikisimama pengine tofauti na mara ya kwanza, tofauti hiyo ni ulegevu wa nati, ule ambao mafundi wa magari huuita plei. Mwisho, iendeshe kati ya 0 na 100 mara ishirini kwa kasi ya kazi, halafu iangalie kwenye 0.

Kosa likiongezeka kadiri safari inavyorefuka, hesabu ya hatua ina walakini. Likiwa lilelile kila unapogeuza mwelekeo, nati imelegea. Likikua kila mara unaporudia, mota inapoteza hatua, au kitu kinateleza.

Nati iliyolegea haitibiwi kwenye GRBL, kwa sababu toleo la 1.1 halina fidia ya ulegevu. Mach3 na LinuxCNC, programu nyingine za kuendeshea CNC, zinayo, lakini hata hiyo haizuii biti kuivuta meza ndani ya nafasi ile wakati wa kukata. Weka nati pacha yenye springi katikati.

Hatua zinazopotea zinahitaji subira zaidi. Kabla ya kulaumu programu, chora mstari kwa kalamu ya wino kutoka kwenye shafti ya mota hadi kwenye kapulingi, kiungo kati ya mota na skrubu. Mstari ukikatika baada ya kazi, skrubu ndogo ya kubana imelegea, na hapo hakuna namba itakayokusaidia. Ukibaki mzima, pima mkondo wa draiva. Kwa A4988, volti za kwenye kitufe cha kurekebishia ni mkondo mara 8 mara thamani ya resista ya kupimia mkondo iliyo kwenye draiva: resista ya R100 (omu 0.1) kwa ampea 1 inataka volti 0.8, na R050 (omu 0.05) inataka 0.4. Soma kilichoandikwa kwenye resista yako, usinakili volti za mwenzio. Na usichomoe waya wa mota umeme ukiwa unapita. Draiva inaweza kuungua hapohapo.

Kisha kasi. Anza na $110 (kasi ya juu ya X, milimita kwa dakika) ikiwa 500 na $120 (mchapuko wa X, yaani kasi inavyopanda) ikiwa 10, ongeza moja baada ya nyingine hadi mota ianze kukwama, halafu shuka kwa robo. Arduino Uno yenyewe hufikia ukomo kwenye hatua kama 30,000 kwa sekunde. Kwa hatua 1,600 kwa milimita huo ni mwendo wa milimita 1,125 kwa dakika, hata kama mota ingeweza zaidi.

Mtego mmoja hauonekani kirahisi: $1, muda wa kusubiri kabla ya kukata umeme wa mota. Kiwandani huwa 25, yaani mota huachiwa milisekunde 25 baada ya kusimama. Ikiachiwa katikati ya hatua, rota (sehemu ya mota inayozunguka) hurukia hatua kamili iliyo karibu, na Z yenye spindeli (mota ya kuzungushia biti) nzito inaweza kushuka. Andika $1=255, mota zibaki zimeshika, ila ukubali zitapata joto.

Kabla ya yote hayo, andika $$, amri inayoorodhesha mipangilio ya GRBL, na unakili majibu yake yote kwenye daftari.

Wenye mashine za mkanda mna ruhusa ndogo ya kuigusa $100. Mkanda wa GT2, wenye jino kila milimita 2, kwenye puli ya meno 20 hutembea milimita 40 kwa mzunguko, yaani hatua 80 kwa milimita, na kwa kuwa mkanda huvutika, kusogeza hadi 80.15 ni halali. Ukijikuta unaelekea 100, hesabu meno ya puli: huenda ni 16.

Fundi wa mashine,
Gerezani, Dar es Salaam