Neema mwanangu, kuhusu hiyo tiketi ya Auckland

Marahaba mwanangu. Huku Dodoma wote wazima, vumbi na upepo kama kawaida, bibi yako wa Mpwapwa anakusalimu sana. Nimeona meseji yako unauliza mbona tiketi inaonesha unaruka Dar jumatatu jioni alafu unashuka Auckland, huko New Zealand, jumatano alfajiri, unahisi wakala kachanganya tarehe. Hajachanganya.

Dar hadi Doha, kule Qatar mnakobadilisha ndege, ni kama km 3,800, masaa matano na nusu mpaka sita hivi. Doha saa zao ni sawa na zetu kwahiyo hapo simu yako usiihangaikie. Shughuli yenyewe ni kipande cha pili, Doha Auckland ni km 14,500 bila kutua popote, masaa kama 16 hewani, yani utakula utalala utaamka utaangalia filamu mpaka uzichoke na bado mko juu ya bahari. Jumla ni kama km 18,300, sawa na kwenda Dar kwa barabara kutoka hapa nyumbani mara arobaini. Kinachonishangaza mimi ni kwamba ukipima mstari mmoja tu Dar hadi Auckland unapata kama km 13,300, unapita kusini kabisa chini ya Australia, ila ndege ya hivyo hakuna, basi abiria anapelekwa kwanza kaskazini Uarabuni ndo anarudishwa kusini.

Sasa hiyo jumanne yako imekwenda wapi? Inaishia hewani, halafu New Zealand wako mbele yetu masaa 9, na kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tisa wanasogeza saa inakuwa 10 hadi mwanzoni mwa mwezi wa nne. Ukirudi unarudishiwa hayo masaa, lakini kutoka Auckland kuja Doha ndege inatumia masaa 17 na zaidi, maana kule juu upepo mkali unavuma toka magharibi kwenda mashariki, kwenda unawasukuma, kurudi mnapambana nao.

Kitu kingine, tiketi haziandiki saa za kiswahili. Ukiona 01:30 ya jumanne ujue ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia jumanne, jumatatu usiku uwe ushafika eapoti. Watu wanaachwa hapo kila siku.

Mama yako anataka ubebe mlenda mkavu na karanga. Mi sikatai, ila chakula chochote lazima ukiandike kwenye ile fomu yao ya kuingia, ukificha faini ni dola zao 400 hapo hapo. Kwenye ndege uwe unanyanyuka nyanyuka, miguu inavimba.

Kabla hujalipia nitumie picha ya tiketi nione kama ni moja mpaka mwisho, zile mbili mbili za bei chee sizitaki, ya kwanza ikichelewa ya pili imekula kwako. Ukifika tupigie asubuhi yako kwenye saa 12, huku itakuwa saa 3 usiku, au saa 2 kama wameshasogeza saa, tutakuwa macho.

Baba yako