Mlango wa mto hautibiwi mlangoni

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa nikifuatilia habari mnazochapisha kuhusu mipango ya serikali ya kuhifadhi na kufufua milango ya mito, pale maji baridi yanapokutana na bahari. Nina lalamiko moja, wala si la uchache wa fedha. Mipango hii hukabidhiwa watu ambao mamlaka yao yanaanzia kwenye mikoko na kuishia hapo hapo kwenye mikoko. Yale yanayouua mlango wa mto huamuliwa mbali, bara, na watu ambao hakuna anayewauliza habari za kamba wala chaza.

Mbolea inayosombwa na mvua, maji taka ya miji, udongo wa vilima vilivyokatwa miti: vyote hushuka na mto na kutua hapo mwisho. Naitrojeni, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea na maji taka, ikizidi, mwani hustawi kupita kiasi, maji yanakuwa mazito, mwanga haufiki chini na nyasi bahari zinakufa. Mwani wenyewe ukifa na kuoza, hewa ya oksijeni majini huisha. Samaki wenye mbio hukimbia. Chaza hana pa kwenda. Askari wa doria hawezi kuzuia hayo, hata akipewa boti mpya na sare mpya.

Mfano unaonisumbua zaidi ni Ghuba ya Chesapeake huko Marekani, kwa sababu pale fedha zilikuwepo, wanasayansi walikuwepo, na nia njema ilikuwepo. Mkataba wa kwanza wa kuiokoa ulitiwa saini mwaka 1983. Mwaka 1987 waliotia saini wakaahidiana kupunguza naitrojeni na fosforasi kwa asilimia 40 kufikia mwaka 2000. Mwaka 2000 ukafika, ahadi haikutimia, ukaandikwa mkataba mwingine wa kufikia 2010. Huo nao ukapita vivyo hivyo. Hiyo ni zaidi ya miaka 25 ya ahadi za hiari. Mwishoni mwa 2010 ndipo shirika la mazingira la serikali kuu lilipoweka kikomo cha uchafu kwa bonde zima na kumpa kila jimbo mgawo wake, mwisho ukiwa 2025. Hali iliboreka kuliko zamani, lakini mwaka huo nao ukafika malengo hayajakamilika.

Kwa nini? Sababu mojawapo ni jimbo la Pennsylvania. Halina hata hatua moja ya ufuko kwenye ghuba hiyo, lakini mto Susquehanna unaolipitia ndio unaoleta karibu nusu ya maji baridi yote ya ghuba, na huja na mbolea na samadi ya mashamba ya huko. Mwanasiasa wa Pennsylvania hapati kura kwa kaa wa Maryland, jimbo lililo kwenye ghuba yenyewe. Ilifika mahali, mwaka 2020, majimbo ya Maryland, Virginia na Delaware yakaishtaki mahakamani serikali kuu kwa kushindwa kuwabana majirani zao wa juu ya mto.

Sasa weka kando ya hiyo Ghuba ya Tampa, Florida. Karibu mwaka 1950 ilikuwa na nyasi bahari zipatazo hekta 16,000. Kufikia mapema miaka ya 1980 zilibaki chini ya hekta 9,000. Kilichogeuza mambo hakikuwa kampeni ya kupanda nyasi. Mwaka 1972 jimbo lilitunga sheria ya kulazimisha maji taka yasafishwe kwa kiwango cha juu kabla ya kumwagwa, na mwishoni mwa muongo huo mtambo mkubwa wa jiji la Tampa ukawa umeboreshwa. Baadaye, chini ya mpango wa taifa wa milango ya mito ulioanzishwa na sheria ya 1987, serikali za mitaa na makampuni ya mbolea yalikaa meza moja yakagawana kiasi cha naitrojeni ambacho kila mmoja ataruhusiwa. Kwa jina na kwa tani. Maji yakatakata, na kufikia katikati ya miaka ya 2010 nyasi zilikuwa zimerudi kwenye zile hekta 16,000, nyingi zikiwa zimeota zenyewe.

Sisemi Tampa ni pepo. Mwaka 2021 maji machafu ya kiwanda cha zamani cha fosfeti, zaidi ya lita milioni 800, yalimwagwa kwenye ghuba hiyo, na vipimo vya mwaka uliofuata vilionyesha nyasi zimeshuka hadi kama hekta 12,000. Kushuka kulikuwa kumeanza kabla ya tukio hilo. Lakini hayo yalijulikana kwa sababu kuna watu wanaolipwa kupima kila mara. Katika bajeti nyingi nilizowahi kuziona zikijadiliwa, kifungu cha upimaji ndicho cha kwanza kukatwa.

Kuhusu kupanda mikoko najua nitawaudhi wengi. Baada ya tsunami ya 2004, Sri Lanka ilipanda mikoko kwa bidii kubwa. Sehemu kubwa ya miche ilikufa, na kuna maeneo ambayo haukusalia hata mmoja. Ufilipino wameyaona hayo hayo kwa miongo kadhaa. Anayejua pwani hatashangaa. Kati ya aina za mikoko, mti uitwao mkoko hasa hupendwa na wapandaji kwa sababu mbegu yake ndefu unaichomeka tu kwenye tope na kazi imekwisha. Basi huchomekwa kwenye tope la mbele kabisa, linalozama kwa saa nyingi, mahali ambapo kwa asili ungekuta mlilana au mchu, ambazo ni aina nyingine za mikoko, au usikute mti wowote. Eneo hilo la wazi huchaguliwa kwa sababu halina mwenyewe wa kugombana naye. Kule mikoko ilikokatwa kupisha mabwawa ya kamba au chumvi, ambako ingeota hata bila kupandwa iwapo kingo zingebomolewa na maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa sana, yakaruhusiwa kuingia, kuna hati za umiliki na mawakili.

Kisha kuna shida iliyo kinyume: mto unaoleta kidogo mno. Mto Tana nchini Kenya una mabwawa matano ya umeme yaliyojengwa kwa mfuatano kati ya 1968 na 1988. Kwenye Rufiji, Tanzania, bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kujazwa Desemba 2022. Delta zote mbili zimo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Umeme tunauhitaji, sibishi. Lakini bwawa huzuia mashapo na hubadili majira ya mafuriko, na delta isiyopata tope huliwa na bahari taratibu huku chumvi ikipanda mashambani. Ratiba ya kufungulia maji ni hifadhi ya mlango wa mto kuliko bango lolote la ufukweni, nayo huandikwa na wahandisi wa umeme.

Kwa hiyo, Mhariri, serikali yoyote inapotangaza mpango wa aina hii, naomba waandishi wenu waulize kama wizara za kilimo, maji na nishati zimetia saini, au ni ya mazingira peke yake. Waulize kikomo cha naitrojeni ni tani ngapi na nani kapewa mgawo gani. Waulize pia nani atapima baada ya wafadhili kuondoka, na matokeo yatabandikwa wapi wananchi wayaone.

Wako,
Msomaji