Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: wakati tunasubiri bomba kubwa, tujengeeni matanki ya kokoto mtaani

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni fundi bomba hapa Dar, riziki yangu ni karo na chemba za vyoo, na nyumba za bondeni huku Kigogo na Jangwani nazijua kwa harufu kabla hata sijafika mlangoni. Masika ikikolea watu wanatapisha vyoo, yaani usiku mtu anatoboa shimo upande wa chini ili mafuriko yabebe, sababu gari la kunyonya haliingii kichochoroni na hata lingeingia hela ya tripu haipo. Mwaka jana niliitwa nyumba moja ya wapangaji, choo kimoja watu zaidi ya 20, nikakuta watoto wanavuka yale maji pekupeku wanaenda shule. Yote yanaishia Mto Msimbazi, na pembeni ya Msimbazi ndo kuna bustani za mchicha tunaokula. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia Kinondoni kikasambaa nchi nzima mpaka Zanzibar, sisi wa huku hatujasahau.

Sasa mheshimiwa, bomba kubwa la maji taka mpaka lifike bondeni ni miaka, ila kuna kitu kinawezekana sa hivi. Karo la kawaida linatulizia uchafu mzito tu, maji yanayotoka bado ni machafu. Ukiongeza nyuma yake tanki lisiloingiza hewa, limejazwa kokoto, maji yakaingilia chini yakapanda taratibu, bakteria wanajishika kwenye yale mawe kama utelezi na wanakula uchafu uliobaki. Maji yakikaa humo siku moja au moja na nusu, uchafu unaoozeka unapungua kwa nusu mpaka asilimia 90, bila umeme bila pampu, na joto letu la Dar ndo wanalolipenda hao wadudu. Watu 100 wakitumia lita 60 kila mmoja ni kyubiki mita 6 kwa siku, kokoto zinakula zaidi ya nusu ya nafasi kwahiyo tanki liwe kama kyubiki mita 15, hilo linakaa chini ya uwanja mdogo na juu watu wanaanika nguo. Brazil wana kanuni ya kitaifa ya karo likifuatiwa na chujio la namna hii tangu 1997, na hali ya hewa yao haijapishana sana na yetu.

Lakini naomba sana, msijenge mkakata utepe mkaondoka. Wadudu wanahitaji miezi 6 mpaka 9 kukomaa, inasaidia kuwapandikizia tope kutoka tanki linalofanya kazi, na karo la mbele lisiponyonywa kwa wakati lile tope linahamia kwenye kokoto na kuziba, hapo wananchi watasema mradi umekufa wakati kumbe hakuna aliyelipwa kuuangalia. Gesi inayotoka inawaka, iwekewe bomba la kupumulia, na mtu asiingie humo ndani hovyo. Vimelea vya magonjwa pia havifi vyote humo, maji yakitoka yapite tena kwenye kitanda cha changarawe na matete na bado yasimwagiliwe mchicha wa kuliwa.

Kwahiyo ninachoomba ni tanki moja tu la majaribio kwenye mtaa mmoja wa bondeni, sehemu iliyoinuka kidogo mafuriko yasiifikie, na kwenye bajeti yake uwepo mshahara wa mwangalizi mmoja wa hapohapo mtaani pamoja na hela ya kunyonya tope. Vijana mafundi tupo, kokoto zipo. Ujenzi ukiisha Juni, bakteria wanakuwa wamekomaa Machi, kabla masika haijashika.