Ruki, pesa zimelala, sisi hatulali

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Ruki,

Assalaam alaykum. Sote hatujambo, Nyanya na mguu wake, Mama na sukari yake, paka kazaa tena chini ya ngazi. Najua nimekaa kimya tangu harusi ya Salma, na najua utanisema, lakini niseme baadaye. Leo nina haja na wewe, na haja yenyewe ni Baba.

Barua ya chuo imetoka, alhamdulillah. Liverpool, masta ya mambo ya usafirishaji wa mizigo, mwaka mmoja. Nikadhani nimemaliza, kumbe bado pesa. Si kuzipata, hizo zimepatikana: Ami Said kauza kile kishamba cha Kisauni, Mama katoa dhahabu zake, zilizobaki za Baba mwenyewe. Kazi ni kuziacha. Ili wakupe viza, Waingereza wanataka uonyeshe karo iliyobaki pamoja na pesa za kujikimu miezi tisa, na kwa anayesoma nje ya London ni pauni 1,171 kila mwezi. Piga hesabu, wewe ndiwe mhasibu. Na zote zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Zikishuka chini ya kiwango hata siku moja, unaanza kuhesabu upya.

Sasa niambie, Ruki, katika nyumba hii pesa zikae siku 28? Baba ni mtu wa soko la Kongowea. Kwake yeye pesa iliyolala ni pesa iliyokufa. Juzi kaja na habari ya vitunguu vya Tanzania, lori zima, mwenyewe ana haraka ya kuuza. "Mwanangu, siku tatu tu, Alhamisi zimerudi na faida juu." Nikamwambia, Baba, hawa hawataki faida, wanataka salio. Akanyamaza. Alfajiri yake, kabla hata hajatawadha, nikamkuta sebuleni kavaa miwani, simu kaishika mbali na uso, anaangalia salio. Sijui alikuwa anazilinda au anazitamani.

Ami alitaka zibaki kwake, na yeye hana tamaa. Lakini akaunti ya ami haikubaliwi, lazima iwe yangu au ya mzazi. Yangu, Mama akasema milioni zikiangukia kwa msichana asiye na kazi benki itauliza zimetoka wapi. Kwa hivyo ni Baba, na cheti changu cha kuzaliwa kuonyesha kuwa ni baba yangu kweli. Hebu sikia: cheti kinasema Othman, kitambulisho chake kinasema Athman. Tukaenda kwa wakili, Baba akala kiapo kwamba Othman na Athman ni mtu mmoja, ikapigwa muhuri. Nyanya, aliyemzaa, kacheka mpaka akakohoa.

Na mtaa umeshajua. Sijui nani kasema, lakini namshuku Mama Zuhura. Jana kaleta mahamri na mbaazi, ya moto moto, na wewe wamjua, mahamri yake hayaji bure. Kijana wake anataka pesa ya kuanzia bodaboda. Baada yake akaja yule wa Likoni na mambo ya karo. Baba ana moyo mwepesi. Hawezi kusema hana, na mimi siwezi kukaa mlangoni kutwa.

Tumeweka ziada kidogo, maana benki ina makato yake ya mwezi, na shilingi zinabadilishwa kwa bei ya siku ile unayopeleka maombi, huwezi kujua itakuwa ngapi. Baba kaiona hiyo ziada. Ati hiyo ndiyo ya vitunguu!

Mengine ni ya kawaida. Bima ya afya ya kwao pauni 776 kwa mwaka, unalipa kabla hujapiga hata chafya moja. Kupimwa kifua kikuu, na hilo ndilo litakalonileta kwako, maana ni kliniki ya IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji, huko Nairobi. Cheti chake kinatumika miezi sita. Nitapanda treni Miritini. Viza yenyewe siku hizi haibandikwi kwenye pasipoti, iko mtandaoni. Nyanya anauliza, sasa uwanja wa ndege utawaonyesha nini, uso?

Salma najua anaulizia kwa siri. Mwambie asimpe mumewe matumaini. Tangu Januari 2024 anayesoma masta ya darasani haruhusiwi kwenda na mume wala watoto. Ingekuwa ya utafiti ingekuwa mambo mengine. Mimi nisiye na mume nimeokoa pesa, ndivyo anavyonifariji Mama.

Turudi kwa Baba. Wewe anakusikiliza. Tangu umtengenezee zile hesabu za kodi, ni Rukia hivi, Rukia vile, mimi niliyezaliwa humu sina akili. Tafadhali mpigie. Usiseme nimekutuma, anza na habari za nyanya yako, kisha ulizia viza kama iliyokujia tu kichwani. Mwambie kuhusu siku 28. Akitaja vitunguu, mwambie bei inashuka zaidi mwezi ujao. Itakuwa kweli au si kweli, Mungu atatusamehe sote wawili.

Utaweza? Na nafasi ya kulala ipo, au bado unaishi na yule asiyetaka kusikia hata kijiko kikianguka? Ulikwenda kwa daktari au bado waahirisha? Na yule wa Pangani, mlifikia wapi, huku maneno yamejaa na mimi sina la kujibu. Nikuletee nini? Achari ya embe ama kashata? Viazi vya karai usiniambie, havifiki Voi.

Baba mpigie baada ya isha. Kabla ya hapo huwa yuko na mwenye lori.

Nduyo,
Mwanaidi